Macho Barabarani

Tangi kubwa la kampuni lilichukua asubuhi nzima kumwagwa. Kilichotoka humo hakikuwa mafuta wala hakikuwa tope, kilikuwa kitu cha katikati, cheusi na kizito, kinachonuka kama mfuko wa plastiki ulioangukia motoni. Inspekta alisimama mahali ambapo upepo haukumletea harufu, leso puani, akiomba kimoyomoyo wasimkute mtu ndani.

Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Kituoni walisema akikutazama unakumbuka hata makosa ambayo hukuyafanya. Lakini asubuhi hiyo alikuwa anaogopa, na tangu alfajiri alikuwa amekataa chai na kukataa mkate.

Injinia wa mtambo alikuwa ametoweka. Wiki iliyopita alitoka nyumbani kwenda kazini kama kawaida yake na hakurudi. Simu yake iliokotwa hapo hapo, juu ya ngazi ya tangi, imewekwa vizuri kabisa, kioo kikitazama juu kisichubuke. Mtambo huo uliyeyusha taka za plastiki na kuzigeuza mafuta ya magari. Ndivyo tangazo lilivyosema, na nusu ya mtaa ililiamini tangazo, ikaleta akiba zake na kununua hisa: walimu wastaafu, wauguzi wastaafu, kinyozi, mama wa duka la vitambaa. Tangu hapo wote walikuwa wanangoja kitu kimoja, kampuni ya mabasi isaini mkataba wa kununua mafuta hayo.

"Afande, wamefika chini," alisema Koplo, dereva na msaidizi wake, kijana mnene ambaye mdomo wake haukujua likizo. Leo mdomo huo ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, na Inspekta alikwisha kuliona hilo.

"Kuna nini?"

"Tope. Na kiatu."

Lilikuwa buti la mpira, la mguu wa kushoto, limejaa ule uji mweusi. Mke wa Injinia, aliyekuwa amesimama peke yake karibu kabisa na tangi, alilitazama mara moja akatikisa kichwa.

"Si lake."

"Una uhakika, dada?"

"Mume wangu havai buti. Yanamchubua, na mguu wa mgonjwa wa kisukari hautaki mzaha." Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Dawa zake ameziacha kwenye friji, afande. Pakiti nzima, ile yenye mstari wa kijani. Anajichoma sindano kila siku. Bila ile dawa hawezi... Mimi ninahesabu tu. Kila nikifungua friji nazikuta pale pale."

Inspekta alikuwa amefika kwenye hesabu hiyo hiyo, na haikuwa na majibu mengi. Ama mtu yule alikuwa amekwisha kufa, ama kulikuwa na mtu mahali fulani anayemchoma sindano.

Aligeuka kuwatazama wanahisa. Walikuja mapema, wakasimama nje ya geti na miavuli yao, watu wazima wenye adabu zao. Wengine walimtibu utotoni, wengine walimfundisha. Safari hii aliona migongo yao tu.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama geti. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti nzuri na alikuwa anatokwa na jasho.

"Injinia ameuza siri ya mtambo," alianza kabla hajaulizwa. "Nenda kaangalie kwa washindani. Utamkuta huko, anakula maisha."

"Bila dawa na bila simu?"

"Watu wakipata hela hununua simu nyingine."

"Mkataba wa mabasi unasainiwa lini?"

"Hivi karibuni."

"Hivi karibuni ni lini?"

"Ilikuwa mwanzo wa mwaka. Kisha wakasema baada ya mvua. Sasa ni Jumatatu. Safari hii ni Jumatatu, hakuna ubishi."

"Mligombana na Injinia."

"Kila injinia anagombana na mkurugenzi wake."

"Alisema nini?"

Mkurugenzi aliinuka, akafunga dirisha. "Alisema mafuta yetu yakikaa kwenye tangi la gari yanaganda, yanakuwa kama nta, na injini inazimika. Nilimwambia hiyo ni changamoto ya kiufundi. Akaniambia changamoto ya kiufundi ikizimika mlimani na basi limejaa watu, haiitwi tena changamoto. Alitaka kwenda kuwaambia watu wa mabasi."

"Ukamzuia."

"Nilimwambia nenda, ila kwanza kawaambie hawa." Alielekeza kidole getini bila kutazama. "Afande, unadhani mimi nawaogopa polisi? Juzi mzee mmoja alinikuta sokoni. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumkumbuka uzeeni. Alinishukuru na kunishukuru, na mkono hakuuachia. Alikuwa anatabasamu, afande, na mkono ulikuwa unaniuma. Siku hizi siendi sokoni."

"Injinia alikwenda kumwambia nani?"

Mkurugenzi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mwenyekiti wao. Alisema ni mwalimu wake, hawezi kumruka." Akapangusa jasho. "Si ni mama yako?"

Ndivyo ilivyokuwa. Katika watu wa kuhojiwa, Inspekta alikuwa amemweka mama yake wa mwisho kabisa. Alijiambia ni kwa sababu mama hana analolijua.

Waliingia garini, wakaiacha barabara ya kiwandani.

"Koplo, wakati tangi linamwagwa ulikuwa unatazama wapi?"

"Wapi tena, afande? Hapo hapo."

"Mkewe alikuwa anatazama tangi. Mimi nilikuwa natazama tangi. Wale wote wa getini walikuwa wameligeuzia mgongo, macho barabarani."

"Si wanaogopa watu wa mabasi wasije wakakuta polisi. Mkataba utaota mbawa."

"Nimelifikiria hilo. Lakini mtu akiamini kuna maiti inatolewa nyuma yake, lazima atageuka. Hata asiyependa kuona atageuka, shingo yenyewe itamgeuza. Hakuna aliyegeuka hata mmoja. Wale wanajua kwamba hayumo."

Koplo alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Na wewe pia ulikuwa unatazama barabara," alisema Inspekta.

Inspekta aliuangalia mkono wa Koplo kwenye usukani, kisha, bila kutaka, akaiangalia bastola kiunoni mwake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka, na hakuwahi kuiangalia kwa namna hiyo.

"Nimeweka kidogo tu, afande," Koplo alisema hatimaye. "Ilikuwa ya harusi."

"Unajua alipo?"

"Haki ya Mungu sijui. Mimi mwanahisa wa kawaida. Kamati haituambii kitu."

"Basi leo kamati itatuambia. Nyoosha kwa mama."

Nyumba ya mama ilikuwa mwisho wa mtaa, ua umefagiwa, viti vya plastiki vya kikao vimepandanishwa kibarazani hadi usawa wa dirisha. Getini walipishana na Sista, muuguzi mstaafu, jirani wa miaka yote. Huyu ndiye aliyemtoboa Inspekta masikio. Kwa kawaida salamu ya Sista ilipitia watoto, magoti, bei ya sukari na ndoto alizoota. Leo alisema, "Hamjambo," akakibana kimkoba chake kwapani na kuondoka upesi upesi.

"Ana haraka ya kwenda wapi?" Koplo aliuliza.

"Baki hapa getini. Nikikuita, njoo. Nisipokuita, usimruhusu mtu aingie."

Mama alikuwa sebuleni, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa, chai iko tayari."

"Nimekuja kikazi."

"Kazi haikatazi chai." Mama alikuwa anamimina tayari. Alikuwa mkuu wa shule miaka mingi, na hata leo sauti yake ilikuwa na kengele ndani yake. "Mmemkuta?"

"Hatujamkuta."

"Maskini," alisema mama, na birika halikutikisika hata kidogo.

Inspekta aliinuka kufuata maziwa kwenye friji.

"Kaa, nitaleta mwenyewe," mama alisema kwa haraka kidogo.

Lakini mlango wa friji ulikuwa umekwisha kufunguka. Maziwa yalikuwa mlangoni. Nyuma ya maziwa, kando ya mayai, kulikuwa na pakiti ndogo yenye mstari wa kijani.

Jambo la kwanza lililompata Inspekta ni woga wa mtoto. Mama anaumwa na amenificha. Akaushika mlango wa friji.

"Mama, una kisukari?"

Mama aliweka birika chini. "Kimeanza hivi majuzi. Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Nani anakuchoma sindano?"

"Sista."

Mama akakaa na kuvuta bakuli la sukari. Akatia kijiko cha kwanza kilichojaa, akatia cha pili, akakoroga, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Mkono ulikuwa umezoea, haukujua kilichosemwa na mdomo. Inspekta alikifuata kijiko kwa macho. Kwa muda mfupi alitamani mama yake awe mgonjwa kweli, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Ndipo alipoisikia redio. Ilikuwa inaimba huko uani, kwa sauti ya juu kabisa. Mama huyu ndiye aliyezima redio mtu akifungua tu mdomo. Jumapili walipokula pamoja meza hii hii, redio ile ilikuwa inapiga kelele vile vile, Inspekta akauliza, mama akasema ni ya kufukuza panya stoo. Na yeye, mpelelezi mzima, akaongeza mchuzi.

"Mama, naomba ufunguo wa stoo."

"Kuna panya."

"Nipe ufunguo."

Mama alivua miwani, akaipangusa kwa kanga taratibu. Alipozungumza alitumia sauti ya kikao.

"Alikuja mwenyewe. Kijana mzuri, nilimfundisha darasa la nne, hesabu zake zilikuwa safi. Akaniambia habari za mafuta kuganda. Nikamwambia jambo hili ni zito, siwezi kuliamua peke yangu, ngoja niite kamati. Nikamkalisha stoo, maana sebuleni kulikuwa na wageni. Nikafunga mlango ili asiondoke kabla kamati haijafika. Ilikuwa ni hivyo tu."

"Kamati ikafika."

"Ikafika. Hakuna aliyetaka kufungua. Mmoja alisema tumwachie kesho. Mwingine akasema kesho yenyewe siyo mbali na siku ya kusaini. Tukapiga kura, tukaahirisha ajenda mpaka kikao kinachofuata. Kikao kilichofuata hivyo hivyo." Alivaa miwani. "Hatujamtesa. Anakula tunachokula. Sista anakuja asubuhi na jioni. Na simu yake nilisema irudishwe kazini kwake, sikutaka mali ya mtu ipotee nyumbani kwangu."

"Mama, huyu ni mtu. Mmemfungia mtu."

"Kinyozi ameuza nyumba yake, unajua? Anaishi kwa mkwewe, wanamhesabia matonge. Wewe unazungumza habari ya mtu. Sisi wote ni watu."

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Mimi ni mwenyekiti," alisema mama, kwa mshangao wa kweli. "Mwenyekiti hapigi kura."

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga. Inspekta ilimbidi aufungue yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, uso wake karibu na uso wa mama, akisikia ile harufu ya mafuta ya nywele aliyoijua kabla hajajua kusema.

Kufuli lilikuwa jipya; alilifungua, akauacha ufunguo ndani yake. Alipousukuma mlango, joto lilimpiga usoni, joto la chumba kisicho na dirisha. Palikuwa na godoro lenye shuka safi, jagi la maji, ndoo yenye kifuniko. Kwenye godoro alikaa mtu mwembamba, amenyolewa ndevu vizuri, midomo imekauka na kupasuka. Macho yalimzidi uso.

Alilitazama kwanza umbo la mama nyuma ya Inspekta.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kikao kimeamua?"

Inspekta aliizima redio. Aliinama, akamshika Injinia mkono, na ngozi yake ilikuwa ya baridi na imelowa jasho.

"Umechomwa sindano leo?"

"Nimechomwa. Chakula hakikukaa tumboni. Jana pia hakikukaa." Alijaribu kuinuka, akarudi chini. "Sista alisema nipelekwe hospitali. Wakasema hoja italetwa kwenye kikao."

"Koplo!"

Hakuna aliyeitika. Inspekta akaweka mkono wa Injinia begani mwake, akamwinua, wakatoka nje hatua kwa hatua wakizunguka pembe ya nyumba. Hapo akasimama.

Viti vilikuwa vimepanguliwa. Sista alikuwa ameeneza habari, na wanahisa walikuwa wamekaa uani kutoka kibarazani hadi getini, kila mtu na kiti chake, miavuli magotini. Kinyozi alikuwa mbele. Mama wa duka la vitambaa aliitikia salamu ambayo hakupewa. Nyuma yao, karibu na geti, Koplo alisimama mikono imening'inia.

"Niliwaambia wasiingie, afande," alisema. "Wameniambia shikamoo yangu iko wapi. Wakapita."

"Pisheni," alisema Inspekta.

Hakuna aliyeinuka.

"Huyu mtu ni mgonjwa. Pisheni njia."

"Mpaka Jumatatu tu, binti yetu," alisema kinyozi kwa upole. "Tumengoja sana. Mkae naye hapo ndani, na wewe ukae. Tutaleta chakula."

Alisema vizuri, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Watu hawa walimbeba Inspekta mgongoni utotoni. Aliwatazama mmoja mmoja na akaona kwamba chumba kile kingewatosha watu wawili, na kwamba jambo hilo lingepigiwa kura. Mkono wa Injinia begani mwake ulianza kuteleza.

Simu zikalia.

Zililia zote kwa pamoja, mifukoni, kwenye mikoba, kifuani mwa mama, kwenye suruali ya Koplo, mlio ule ule mfupi wa ujumbe wa kampuni. Ua mzima uliinamisha vichwa. Kinyozi aliisogeza simu yake mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Tunawataarifu wanahisa wetu wapendwa kwamba kusainiwa kwa mkataba kumesogezwa mbele. Tarehe mpya itatangazwa hivi karibuni."

Mama wa duka aliirudisha simu kwenye mkoba, akaufunga zipu, akaufungua, akaufunga tena. Kinyozi alibaki ameishika yake hivyo hivyo, mbali na macho, kama anayetegemea maandishi yabadilike.

Koplo hakuitoa simu yake mfukoni. Alishika kiti kilichokuwa wazi karibu na geti, akakisogeza. Akashika kingine, akakipandisha juu ya kile. Alimwinua Sista kwa kiwiko, kwa adabu, akachukua na chake. Sista akaanza kulia. Kisha kinyozi naye akainuka, akakunja mwavuli, akakibeba kiti chake mwenyewe hadi ukutani, na njia ikafunguka, nyembamba, inayotosha watu wawili.

Walimlaza Injinia kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi. Inspekta akampigia simu mke wa Injinia. "Yuko hai," alisema, na hakuweza kuongeza kitu, kwa sababu upande wa pili mtu alikuwa anapumua tu.

"Koplo, mwite mkuu wa kituo. Kesi hii siishiki tena, mimi sasa ni shahidi. Na wewe pia utaeleza hisa zako."

"Nitaeleza, afande." Alitoa daftari. "Mwenye nyumba nimwandike nani?"

"Andika ni mama yangu."

Mama alikuwa ameomba dakika moja. Koplo akiwasha gari, Inspekta alimkuta stoo. Alikuwa amekwisha kunyoosha shuka na kufunika jagi, na sasa alikuwa anaurudisha mlango, anatia kufuli, analivuta kuhakikisha. Chumba kilikuwa kitupu. Inspekta akanyoosha kiganja. Mama alikitazama kiganja hicho kwa muda mrefu, kisha akaweka ufunguo juu yake.

"Utanirudishia lini?"

Neno lilimjia Inspekta mdomoni lenyewe, tayari tayari. Hivi karibuni. Akalimeza, akamshika mama yake mkono, wakaenda kwenye gari.